Fahali wa Kombe na Zizi la Mkwe Wangu

Kehancha, Kuria
14 Agosti 1997

Mpendwa binamu Nyarangi,

Pokea salamu kutoka huku kwenye majani ya tumbaku. Huko kisiwani Mfangano wanakulisha vizuri? Mkeo Mellen ameacha kukohoa? Na wewe, tumbo lako bado linaingia mlangoni kabla yako? Mimi ni mzima, isipokuwa goti, na jambo moja ambalo nitakuambia nikipata nguvu.

Kwanza ujue unaandikiwa na mtu mkubwa. Mimi Gisiri, niliyeachia shule darasa la nne, nimeshinda kesi ya nchi mbili mbele ya jaji kule Kisii. Vijana wa timu walinibeba mabegani mpaka stendi.

Ni uongo, ndugu yangu. Nilishindwa, na nikapita nyuma ya maduka ili nisisalimiwe na mtu. Afadhali nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wachuuzi wa samaki wa Rodi Kopany, maana wale wataongeza chumvi.

Unajua mimi ndiye mwenyekiti wa timu yetu ya mpira. Tulicheza kombe la mpakani, timu za huku na za Tanzania, na zawadi ilikuwa fahali mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Fainali tukawafunga Watanzania, na fahali nikamleta kwangu. Lakini mshambuliaji wetu Byron alikuwa ameshachezea timu nyingine ya upande ule, kombe hilohilo, kwa jina la babu yake. Unatujua sisi Wakuria: mtu ana boma huku na boma kule, na jina kila upande. Mimi nilijua. Nilinyamaza kwa sababu kijana ana mguu wa kushoto mtamu sana.

Watanzania walilalamika. Timu zote zilikuwa zimetia sahihi kwamba ugomvi wowote utaamuliwa na watu watatu, na neno lao ni la mwisho: mmoja wetu, mmoja wao, na Sharif mwenye duka la nguo Migori, ambaye hana timu huku wala kule. Walikaa Sirari, ng'ambo ya mpaka, wakatusikiliza sote, kisha wakaandika kwamba fahali ni wa Watanzania.

Nilicheka. Nikawaambia vijana karatasi ya Tanzania ikifika mpakani inageuka ya kufungia sukari. Na wiki hiyohiyo, kwa kuwa mahari ya mwanangu Mirumbe ilikuwa imepungua ng'ombe mmoja, nikampeleka fahali kwa mkwe wangu, baba yake Nyasuguta, mke wa Mirumbe. Nilijiona mjanja.

Watanzania wakanipeleka kortini huku Kisii. Nikamweleza jaji habari ya Byron, ya refa, ya mvua. Akavua miwani.

“Mzee, sikuulizi nani alifunga goli. Ulikubali hao watatu waamue? Walikusikiliza?”

Nikakubali yote mawili. Akasema basi yeye hachezi mechi upya. Kenya na Tanzania zote zimeingia katika mkataba wa dunia, na uamuzi wa namna hiyo unashika huku kama kule. Nimtoe fahali. Yuko wapi?

“Yuko kwa mkwe wangu Tanzania, mheshimiwa.”

Korti nzima ilicheka, hata karani aliyekuwa anasinzia. Nilikimbia karatasi ya Tanzania, na mali nikaipeleka Tanzania kwa mkono wangu.

Sasa sikia kinachonikosesha usingizi. Wale jamaa walirudi kwao na karatasi ileile, na korti yao ikaikubali. Dalali wa mahakama akaingia kwa mkwe wangu siku ana wageni, akamtambua fahali kwa lile baka, akamtoa zizini. Ng'ombe wa mahari, Nyarangi, anavutwa kwa kamba mbele ya wageni wa mkwe. Mkwe hakubishana. Alituma neno moja tu: “Binti yangu hakuolewa na timu ya mpira.” Tukishavuna, atakuja kumchukua binti yake. Mirumbe hasemi nami. Nyasuguta ananiletea chakula akitazama chini, na mimi natazama chini zaidi yake.

Nisalimie Mellen, na mwanao Elvis, na mama Truphena asiyenipenda. Mungu awatunze hapo katikati ya maji, na nyavu zenu zirudi nzito.

Nina ombi dogo. Nilipokuwa mshenga wako kwa baba yake Mellen, mbwa wao alinirarua suruali ya pekee niliyokuwa nayo, na ulisema ipo siku utanilipa. Siku ndiyo hii. Nenda kwa mkwe wangu kabla ya mavuno. Mwambie nitamletea fahali wangu mwenyewe, yule mweusi, asiyedaiwa na mtu katika nchi yoyote. Siwezi kumtazama usoni, lakini wewe hujamkosea. Vaa suruali ya zamani, maana naye anafuga mbwa.

Binamu yako akupendaye hata ukinicheka,
Gisiri