Vyungu na Mvua ya Aprili

Amalemba, Jumanne, Aprili 1999

Na nilikubali haraka sana, hilo ndilo linaloniudhi. Binamu yangu Muhonja alipiga simu kutoka Nairobi asubuhi. Zile picha za vyungu alizoniwekea kwenye intaneti zimepata mnunuzi Ulaya. Anataka vyungu arobaini kabla ya mwezi wa sita. Nikasema vitakuwa tayari. Sikuuliza hata kitu kimoja.

Mchana nikaenda Khayega kwa senje, dada ya baba, ambaye ndiye mfinyanzi. Nilidhani atafurahi. Aliendelea kukanda udongo wake, kisha akauliza, "Utavichomea wapi na mvua hii?"

Nimekulia pale. Najua tunachomea nje, kwa nyasi kavu, na chungu ambacho hakijakauka vizuri hupasuka motoni.

"Sisi tunachomanga Januari," akasema. "Hukumwambia huyo mzungu?"

Ningemwambiaje, na mimi mwenyewe sikukumbuka? Wala sijui vitasafirishwa vipi hadi huko bila kuvunjika. Kitu pekee nilichopanga ni jina la duka letu la intaneti.

Kesho nimwombe Muhonja aziondoe zile picha, kama zinaondoleka. Alikuwa ameniambia, tena kwa furaha, kwamba duka la intaneti halifungwi, watu wanaingia hata sisi wenyewe tukiwa tumelala.

Naogopa. Mvua inapiga mabati tangu jioni, na huko Ulaya labda kuna mwingine anaagiza sasa hivi.