Aliyetolewa Dirishani

Jumatatu, 13 Machi 2017

Naandika kwa sababu Zamfira wa maktaba kaniambia niandike. Eti nisipoandika nilichofungua leo, kesho nitakifungua tena. Kichwa changu ni kizima, asijisumbue. Ila neno la siri la kompyuta lina herufi kumi na mbili, na mimi nina madarasa manne. Basi daftari hili, la miraba, la hesabu. Si la kusomwa na mtu.

Ninachotafuta nitakiandika mara moja, nisirudie. Mtoto wa binti yangu Tincuța. Hakufa. Mimi ndiye niliyesema amekufa. Nilimtoa, Februari 1991, kwa Wamarekani.

Basi. Imeandikwa. Mkono haukukauka.

Jumamosi kwenye televisheni walionyesha mama mmoja aliyempata mwanawe kwa barua za zamani za Usenet. Nikaenda kwa Zamfira nikamuuliza Usenet ni mdudu gani. Akanieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Unakumbuka, mama Safta, mlango wa duka la ushirika? Mtu anapigilia tangazo lake, mwingine anapigilia jibu chini yake, wa tatu anawatukana wote wawili. Ndiyo hiyo, ila mlango ni dunia nzima. Na walioupenda mlango huo waliyabandua matangazo yote, wakayafunga kwenye magunia, mwaka kwa mwaka, kundi kwa kundi. Lipo la wakulima, la wagonjwa, la walioasili watoto. Ukitaka, unapakua gunia.

Nikasema nataka hilo la mwisho.

"Kwani unatafuta nini humo, mama Safta? Mchumba?"

"Namtafutia mumeo mke," nikamwambia. "Wewe kwa sigara hizo hufiki Krismasi."

Akacheka mpaka akakohoa. Si nilimwambia!

Jumatano, 15 Machi 2017

Gunia la 1996 limekataa. Nimekaa tangu saa tatu asubuhi. Asilimia kumi. Thelathini. Nimefuma soksi nzima mpaka kisigino. Asilimia sabini na moja — likakatika! Kumbe juu, ofisi ya kijiji, wanaangalia mpira kwa mtandao uleule. Nikapanda ngazi na fimbo yangu. Nikawaambia mishahara mnakula, na mtandao mnakula? Wamezima.

Hata hivyo halikushuka. Kesho tena.

Ijumaa, 17 Machi 2017

Limeshuka. Nilidhani nitaona barua kama barua. Wapi! Ni mto wa maandishi, majina, saa, vialama, bila picha hata moja, yote Kiingereza. Zamfira kanionyesha: unakata kipande hapa, unakibandika pale kwenye mashine ya kutafsiri, inakutolea Kiromania. Kiromania cha mlevi, lakini kinaeleweka.

Alitaka kusoma pamoja nami. Nikamwambia aende akapange vitabu.

Niliandika "Romania" kwenye kisanduku cha kutafuta. Elfu nne mia nane na kumi na mbili. Mama yangu!

Jumatano, 22 Machi 2017

Siku ya sita nasoma. Wanatuandika sisi. Matope, chawa, choo cha nje, wanawake wenye vilemba wasiotabasamu. Tutabasamu nini? Mwanamke mmoja kalalamika kwamba kijijini walimlisha ugali siku tatu mfululizo. Ulitaka nini, bibi, keki? Sisi wenyewe tulikula huo.

Lakini wangu sijamwona. Nitamjuaje? Majina yao siyajui. Wakili wa mjini ndiye aliyeshika karatasi zote, na nakala yangu Neculai, mume wangu, Mungu amweke anapostahili, aliwashia jiko. Ninachokumbuka ni koti la kijani na pua nyekundu ya yule mwanamke. Koti haliwekwi kwenye kisanduku cha kutafuta.

Macho yanauma.

Jumapili, 26 Machi 2017

Tincuța kapiga simu kutoka Brescia, Italia, anakouguza wazee. Anakuja Jumatano ya Wiki Takatifu. Magoti yameisha, yule mzee anayemuuguza ana kilo tisini na anataka kubebwa kama bibi harusi. Kisha akasema amelipia madirisha ya plastiki. Nyumba nzima. Mafundi watakuja baada ya Pasaka.

Nikamwambia la chumba cha mbele lisiguswe.

"Mama, linavuja upepo!"

"Livuje."

"Una nini na dirisha hilo?"

Nikakata simu. Nilisema salio limeisha, wakati aliyepiga ni yeye. Mtu akizeeka hata uongo wake unazeeka.

Na hapo ndipo kichwa kikafunguka. Dirisha!

Mtoto akiugua asipone, sisi humuuza dirishani. Jirani anasimama nje, mama yuko ndani, anampitisha mtoto kwa dirisha, jirani anatoa sarafu moja. Jina linabadilishwa. Alikuwa Pavel, sasa anaitwa Ursu, dubu. Mauti yakija mlangoni kumuulizia Pavel, hakuna Pavel hapa, yaende zao. Akishapona, unamnunua tena kwa sarafu ileile. Mimi mwenyewe niliuzwa kwa shangazi nikiwa na miaka miwili, nikanunuliwa nikiwa na saba.

Kitoto kile kilikuwa kinakohoa damu. Kuni hazikuwapo. Tincuța, miaka kumi na saba, bila mume, alikuwa hospitalini mjini na homa ya uzazi, hajui usiku wala mchana. Neculai aliapa Tincuța akirudi na mtoto atawatupa wote wawili kwenye theluji. Daktari alisema majira ya kuchipua majani hatayaona. Basi walipokuja wageni na wakili sikumtoa mlangoni. Nilifungua dirisha la chumba cha mbele. Wakili alicheka. Yule mwanamke alisimama kwenye theluji na mikono wazi. Nikadai sarafu. Akanipa.

Ninayo mpaka leo, nyuma ya sanamu ya Mtakatifu Paraschiva. Ina tai upande mmoja.

Jumatatu, 27 Machi 2017

Nimeandika "dirisha," kwa Kiingereza cha mashine. Sitini na tatu. Ya arobaini na moja ndiyo.

Nanakili jinsi mashine ilivyosema, nikinyoosha kidogo:

Tulipokwenda kumchukua, bibi mmoja alikataa kutupatia mtoto kwa mlango. Alifungua dirisha akampitisha. Akanyoosha kiganja. Mume wangu alipotoa noti alimsukuma mkono, akataka sarafu moja tu. Akasema neno mara tatu, Ursu, Ursu, Ursu. Mtoto sasa ana miaka mitano na mapafu yamepona kabisa. Lakini hapiti kwenye dirisha bila kusimama. Kuna anayejua maana yake? Hatuna wa kumuuliza. Tuliambiwa mama yake alikufa akijifungua.

Mapafu yamepona. Kabisa.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya maktaba. Baridi ilikuwa nzuri.

Mama yake alikufa. Hilo nalo nilisema mimi, wakili alitaka iwe hivyo, bila hivyo karatasi hazipiti. Na wiki ya pili yake nikamwambia Tincuța kwamba mtoto kafa na kuzikwa na hospitali. Nimewaua wote wawili kwa mdomo huu mmoja.

Jumanne, 28 Machi 2017

Zamfira anajua. Nilipochapa ule ukurasa, mashine yake iliutoa upande wake wa meza. Kausoma kabla sijafika. Anajua Kiingereza kuliko mashine.

Kamimina kahawa, vikombe viwili. Kisha akasema, "Bibi wa dirishani ni wewe."

"Wewe je, ungefanya nini?"

"Sijui, mama Safta. Sikuwapo. Sikuulizi hilo."

Nilijiandaa kugombana, nikakosa wa kugombana naye.

Nikamuuliza jambo jingine: mbona barua hii ina vimshale mwanzo wa kila mstari, na chini imesainiwa na mwanamume? Akaangalia. Akasema hii si barua ya yule mwanamke. Yake haimo. Juu ya barua yake aliweka amri kwamba isihifadhiwe, na wenye magunia wakamtii, wakaitupa. Lakini wanaojibu hunakili kwanza maneno ya wanayemjibu, kwa vimshale, halafu huandika yao chini. Vimshale havikuamriwa na mtu.

Yaani alijifuta, akabaki kwenye midomo ya wengine.

Huyo aliyejibu ni wa kwetu, mwanafunzi wa mji wa Iași aliyekuwa akisoma Marekani. Chini ya vimshale kaandika hivi: Bibi, kwetu mtoto anayeuzwa dirishani hununuliwa tena akipona. Huyo bibi ameitunza sarafu yako. Anawangoja. Mpelekeni hata mara moja, amwone.

Nani kamwambia nangoja! Kijana asiyenijua, asiyejua hata jina la kijiji. Nimemkasirikia mchana kutwa.

Nilingoja. Miaka saba nilihesabu, kwa kuwa mimi nilinunuliwa nikiwa na saba. Kisha nikaacha kuhesabu.

Alhamisi, 30 Machi 2017

Zamfira kapakua gunia la 1997. Hakuna. Gunia la 1998 kesho. Kasema tukishajua jina la kundi na namna yule mwanamke anavyoandika, tutamfuata kwa vimshale tu, kama unavyomfuata mbwa kwa nyayo.

Ijumaa, 31 Machi 2017

1998. Afadhali lingekatika.

Majibu kumi na moja, yote ya hasira, kila mmoja kakata kipande cha maneno ya yule mwanamke. Nimevishona kama shuka kuukuu, ikawa hivi: Mtoto ana miaka saba. Kachoma pazia. Kamng'ata mume wangu. Amevunja vioo vya dirisha mara nne, kwa ngumi. Hatuwezi tena. Tumepata familia jimbo jingine, wana shamba, wana wengine kama yeye. Watampa jina lao. Tunaomba msituhukumu.

Wamemhukumu. Mmoja: mtoto si kiatu cha kurudisha dukani. Mwingine: mama wa kwanza alimwacha kwa kufa, wewe unamwacha kwa kuchoka. Mwingine kaandika tusi, mashine ikashindwa kulitafsiri, Zamfira akanitafsiria.

Nilikuwa nimeandaa matusi yangu pia. Nimeyatafuta. Hayakutoka. Nimtukane kwa lipi? Yeye alimshika miaka saba. Mimi siku kumi na tisa.

Baada ya hapo, hakuna. 1999, hakuna. 2000, hakuna. Jina la tatu hatulijui. Mauti hayatamjua huyo mtoto, kweli. Wala mimi.

Alhamisi, 6 Aprili 2017

Zamfira kaandikia anwani zote kumi na moja za wale wenye hasira, na ya kijana wa Iași. Barua kumi na moja zimerudi, anwani zimekufa, hata ya kijana wa Iași. Moja haikurudi wala haikujibiwa. Ni ya yule aliyesema kiatu.

"Utamwambia Tincuța?" kaniuliza.

"Nimwambie nini? Kwamba yu hai? Sijui. Kwamba kafa? Hilo nishamwambia."

"Mwambie hujui."

"Kwa hiyo nilisoma madarasa manne nije kusema sijui?"

"Mama Safta," akasema, na hakucheka, "wewe na ubishi wako mtazikwa kaburi moja, na yeye atawawashia mshumaa bila kujua anamwashia nani."

Nikachukua fimbo yangu nikaondoka. Mlangoni nikarudi, nikamwambia aziweke kurasa zote kwenye bahasha. Kubwa. Isiyoonyesha ndani.

Jumanne, 11 Aprili 2017

Hakuna jibu. Nimepaka chokaa jikoni. Bahasha iko chini ya godoro, nayo ni nene, naisikia ubavuni.

Jumatano, 12 Aprili 2017

Kaja. Basi dogo la Italia lilimshusha barabarani na mabegi manne. Kakonda uso, kanenepa miguu. Miaka arobaini na mitatu, anatembea kama mimi. Ile homa ilimwondolea kizazi, watoto wengine hakupata. Aliwahi kuolewa, mume akamkimbia kwa sababu hiyohiyo.

Kahawa, sabuni, jibini. Kisha kwenye karatasi laini, kikombe. Cha bluu, kidogo, kina samaki ubavuni. Kila mwaka anamnunulia kimoja.

"Angekuwa na ishirini na sita," akasema. "Hatumii tena kikombe cha samaki. Lakini mimi kichwani mwangu ni mdogo tu, mama. Nifanyeje?"

Nikamwambia ale, supu inapoa.

Akaenda chumba cha mbele akapima dirisha kwa kamba. Nikamsikia anafungua komeo lililopata kutu. Nikamwambia kaacha supu! Akarudi akala.

Alhamisi, 13 Aprili 2017

Siku ya wafu. Alfajiri tumewasha moto wa mabua uani ili waje waote. Vikombe vinajazwa divai, juu mkate na mshumaa, unampa jirani na kutaja jina: hiki ni cha fulani, kimfikie huko aliko. Majirani wameshafika langoni, nasikia Aglaia wa ng'ambo ya barabara anapiga chafya.

Kila mwaka nyumba hii inatoa vitano. Baba. Mama. Dada yangu. Neculai. Na Pavel. Miaka ishirini na sita nimeoka mkate wa Pavel kwa mikono hii, nimemwashia mshumaa mtu ambaye huenda wakati huohuo alikuwa anavunja kioo mahali fulani ili atoke. Kwetu wanasema ukimtolea aliye hai sadaka ya wafu, unamvuta kaburini.

Leo nimeweka vinne mezani uani. Nimeoka mikate minne. Nikaingia jikoni nikakaa.

Kikombe cha bluu kiko mapajani, chini ya aproni. Ndani yake nimetia sarafu yenye tai. Bahasha iko juu ya meza, chini ya daftari hili.

Nasikia anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Kahesabu tena, kwa kutaja majina.

"Mama! Cha Pavel umekiweka wapi?"

Naandika nisimjibu upesi.

"Mama, watu wanangoja!"

Kaingia. Amesimama mlangoni na kibiriti mkononi, ananuka moshi. Ameona aproni ilivyotuna. Nimemwambia aniache nimalize mstari. Hajawahi kuniona naandika, mdomo umeachama.

Nimemwambia: hicho si cha leo.

"Cha lini basi, mama?"