Unga wa Msiba Wako, Mama

Kijijini, jirani na Kaengesa,
Sumbawanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na ile migomba ya nyuma ya nyumba, upepo umeisaza? Mimi nasimama na kutembea, namshukuru Mungu. Ila kuna jambo nilikuficha, na kwa kuwa sasa umehitimu kisomo cha watu wazima, nakuandikia wewe mwenyewe. Lisome peke yako kwanza.

Krismasi nilikwambia siji kwa sababu ya kazi ya kuhamishia watu vijijini. Nilidanganya, Mama. Hata Bibi Maendeleo kama mimi hupewa likizo kama watumishi wengine. Sikuja kwa sababu nywele zangu zilikuwa zinakwisha, zile ulizokuwa ukizisuka kila Jumamosi nikiwa nimekaa katikati ya magoti yako, ukisema ndizo zitakazoniongezea mahari. Niliona aibu kukuletea kichwa kile.

Zilianza kubaki kwenye kitana, baadaye kwenye mto. Hata ncha za nyusi zilipukutika. Nilinenepa na chakula sikitaki, nikawa mtu wa kusinzia mchana. Baridi ya Ufipa unazisikia sifa zake, lakini mimi nilivaa sweta mbili wakati wenzangu wanatoka jasho kwenye shamba la kijiji. Kwanza nililaumu sabuni, kisha nikalaumu watu. Nilimshuku hata jirani yangu, Mama Kalista, ambaye hana neno na mtu. Mungu anisamehe.

Daktari wa misheni ndiye aliyenishika shingo, akaniambia nimeze mate, akatuma damu yangu ikapimwe mbali. Majibu yaliporudi akasema kuna tezi hapa shingoni ambayo ndiyo huuamsha mwili, na yangu imekuwa mvivu. Namsikia Baba mdogo akisema imemfuata mwenyewe! Nameza kidonge kimoja kila asubuhi, pengine maisha yangu yote. Nywele zitarudi, alisema, ila polepole. Zilizobaki zilikuwa kama bustani iliyoingiliwa na mbuzi, basi nikachukua wembe nikazimaliza.

Sikumwambia mtu, na hapo ndipo nilipokosea. Unajua mwenyewe, mwanamke akionekana amenyoa kichwa, amefiwa. Siku ya pili nilipoinama kisimani kitambaa nilichojifunga kichwani kikaanguka. Wanawake waliniona, wakatwika ndoo zao wakaondoka. Kabla ya saa sita walikuwa mlangoni kwangu na kuni na unga wa ulezi, wanalia.

"Jamani, kafa nani?" nikauliza.

Mama Kalista akanikumbatia. "Usijikaze, mwenzetu, tumejua ni mama yako. Mama ni mama, hata akiwa mbali, kwenu Tukuyu."

Nililia, Mama, nikashindwa hata kuwaambia kwamba upo. Kwa kitambo kile niliiona kabisa: wewe umekufa, na mimi nimejificha huku kwa ajili ya nywele.

Nilipopata sauti nikavua kitambaa, nikawaeleza yote. Bibi Falesi, mkongwe wao, akanipapasa kichwa kizima.

"Kwa hiyo mama yupo?"

"Yupo, bibi."

"Na umemwona lini?"

Nikamwambia ni mwaka wa pili huu. Akatikisa kichwa. "Tumemlilia mtu aliye hai. Nenda ukamwone, mwanangu, machozi yetu yasije yakapata kazi."

Unga nilitaka kuwarudishia, wakakataa katakata. Wakasonga ugali, tukala tukicheka mpaka machozi yakatutoka tena, na uliobaki Mama Kalista akaufunga kwenye mfuko akasema huu nikuletee wewe mwenyewe.

Likizo nimeshaomba na nimekubaliwa. Mwezi ujao napanda basi la Mbeya. Usiandae kitana, andaa mafuta. Nataka kukaa tena katikati ya magoti yako, unipake. Nywele hakuna, lakini kichwa ni kile kile.

Nisalimie shangazi, umwambie maombi yake ya Jumatano yananifikia. Baba mdogo shikamoo yake, na tezi yangu inamsalimu. Dada na wanawe wote nawabusu.

Unga nakuja nao. Utaukorogea uji, Mama, uunywe wote, unga wa msiba wako, nami nitakaa pembeni nikuangalie unavyokunywa.

Ni mimi mwanao mwenye kipara,

Tumpe