Utupa na Trauti wa Bwana Shauri

Jumatatu, 4 Julai 1938
Nimefunga nzi wa bandia sita wa kuvulia samaki kabla ya chai. Manyoya ya shingo ya jogoo, uzi mweusi, ndoano ndogo mno. Vidole vinauma. Mke wangu Koku amenuna, jogoo wake kabaki shingo wazi.

Jumamosi Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, anakuja na mgeni kuvua trauti. Aliwaleta samaki hao miaka miwili iliyopita, wadogo kama sindano, akawamwaga katika mto wetu huu juu ya kijiji cha Ihanda. Mimi ndiye mlinzi wao. Mwingine akiwaua, miezi sita jela.

Jumatano, 6 Julai
Balaa. Trauti kumi na mmoja wanaelea kwenye kidimbwi cha chini, matumbo juu. Nikafuata ukingo hadi kivukoni. Majani ya utupa yamepondwa juu ya jiwe, kwato za ng'ombe kila mahali. Pale ndipo baba mkwe anapoosha ng'ombe wake.

Na aliyemwambia utupa unaua kupe ni mimi! Mwezi uliopita, nikijifanya bingwa. Sikumwambia kuwa unaua na samaki. Mfugaji asiyekula samaki angejuaje? Mjinga mimi.

Nimewafukia wote migombani.

Alhamisi, 7 Julai
Nilikwenda kumweleza. Shikamoo, marahaba, kisha akanishika mkono nikaone ng'ombe. Ngozi safi, hakuna kupe hata mmoja. Mzee anakohoa vibaya. Jela itamuua.

Nimerudi bila kumwambia habari ya samaki. Niliona asipojua hataropoka.

Ijumaa, 8 Julai
Nimepanda juu ya maporomoko. Maji ya kasi, baridi kali. Utupa haukufika huku. Nimeona trauti watatu nyuma ya jiwe. Wageni nitawaleta hapa, kidimbwini wasisogee.

Jumamosi, 9 Julai
Mgeni aliingia maji ya mapajani, akarusha mshipi mara ishirini. Hakuna kitu. Bwana akaanza kuniangalia. Kisha trauti akadaka nzi wangu. Fimbo ikapinda, samaki akaruka, mgeni akapiga kelele kama mtoto. Bwana akanipiga begani. Nikapumua.

Ndipo nikamwona baba mkwe anapanda kilima. Kanzu nyeupe, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mkononi.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Nimekuja kumshukuru mkwe wangu mbele yako. Kanifundisha utupa. Nimeosha ng'ombe wote pale kivukoni, kupe wamekwisha!"

Bwana anaujua utupa. Uso ulimwiva. Lakini alipokea kibuyu, akashukuru, akangoja mzee ateremke mpaka asionekane.

"Wamekufa wangapi?"

"Kumi na mmoja, Bwana."

"Nimfunge nani?"

"Mimi. Yeye hakujua."

Akasema jela hapana, ila nivue koti la kazi, nisirudi tena. Nikavua. Nikateremka na shati tu, nina aibu, nina hasira, na moyo mwepesi kuliko juzi.

Alhamisi, 21 Julai
Tumepalilia kahawa tangu asubuhi, mimi na Koku. Baba mkwe alipita, akakaa kivulini. Akauliza narudi lini kazini. Nikamwambia Bwana kanipa likizo ndefu.

Amefurahi sana. Amesema ni kwa sababu alikwenda kunisemea.

Koku aliniangalia kidogo, akainama, akaendelea kupalilia.