Nyundo Namba Tisa

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Vibandiko kumi na saba nimeviandika leo, kimoja kwa kila kitu cha maonyesho. Wino umenichafua hadi kwenye mkono wa shati. Shule imefungwa lakini mimi bado nina kazi, kwa kuwa Bwana Kirby anasema hawezi kitu bila mimi. Sifa hizo sizipendi. Mtu akikusifu sana, ujue anakuandalia mzigo.

Bwana huyu ametoka chuo kikuu cha kwao, ambako anaangalia nyumba nzima ya kuonyesha vitu vya sanaa. Anataka sisi wa hapa Mpemba tuvione vyetu kwanza, siku mbili, darasani kwangu. Mfua chuma ataonyesha kazi, watoto watachora, yeye atahutubia. Vizuri. Lakini nimemwona akipima kila chungu kwa utepe, urefu na upana, na kuandika. Kitu utakachokirudisha wiki ijayo unakipima cha nini?

Vitu nilivikusanya mimi, nyumba kumi na nne. Watu waliviazimisha kwa neno langu, wakavileta vimefunikwa ndani ya vikapu. Bwana aliniuliza awape nini. Nikamwambia atie chumvi, kwa maana huku kikapu cha mtu hakirudi kitupu. Akatia, nami nikawagawia kwa mkono wangu. Nilijiona mwerevu.

Namba tisa ni nyundo ya Tata, baba yangu. Ameitumia kufua majembe tangu enzi za Wajerumani. Sasa anakohoa usiku kucha, na anataka kumkabidhi kaka yangu Yona, aliyekuja likizo kutoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Asiyepewa nyundo mkononi hajarithi jina. Yona anaondoka tarehe kumi na tano.

Jumatano, 5 Agosti

Seremala ameletewa mbao. Masanduku manne, vifuniko vya kupigiliwa misumari. Anasema ni ya Bwana. Na majani makavu, magunia mawili. Dalili ya mvua ni mawingu.

Halafu Mwalimu Tito. Anaingia kwa Bwana kila asubuhi, na mimi nikitokea wananyamaza. Miaka sita darasa lake limepakana na langu. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Nadhani anamuuzia vitu vya watu. Simpendi leo.

Ijumaa, 7 Agosti

Maonyesho yamefunguliwa. Upepo na vumbi. Watu wengi kuliko nilivyotazamia: wa Chapwa, wa Ileje waliolala njiani, hata ndugu wa ng'ambo kwa baiskeli. Mfua chuma wa Chapwa, kwa kuwa Tata hawezi tena, aliweka mivukuto nje akaanza kuvukuta moto. Wanawake wakasimama mbali, kwa sababu tangu zamani mwanamke hasogelei mivukuto. Bwana akadhani wanaona haya, akawa anawaita kwa mkono, nao wanazidi kurudi nyuma. Nilicheka, mara ya kwanza wiki hii.

Mama Namonje, mjane wa Chapwa, alikuta chungu chake kimewekwa juu ya kitambaa cheupe. Akakaa sakafuni kando yake mpaka jioni. Nikamuuliza anangoja nini.

"Nakitazama, mwanangu. Hapa kinaonekana kama si changu."

Bwana alifurahi akampiga picha. Mimi sikufurahi.

Jumamosi, 8 Agosti

Bwana alipokuwa nje anahutubia, niliingia nikafungua daftari lake. Niseme wazi: nilikuwa natafuta jina la Tito.

Namba tisa, nyundo ya mfua chuma. Imenunuliwa kwa chumvi. Kupitia Mwalimu Simbeye.

Simbeye ni mimi. Namba kumi hivyo hivyo. Zote kumi na saba. Kando ya kila mstari, alama ya dole gumba.

Madole hayo niliyashika mimi, moja moja, nikayachovya wino. Niliwaambia watu kwamba wanakiri chumvi imefika. Yaliyoandikwa sikuyasoma. Mwalimu mzima. Na sasa nakumbuka Bwana aliniuliza kama wataridhika na chumvi. Nikamjibu wataridhika sana.

Nilikaa chini kwenye dawati la watoto. 

Jumapili, 9 Agosti

Kanisani sikuimba. Tata ameuliza nyundo inarudi lini. Nimesema kesho.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimemwambia Bwana. Hakukasirika, na hilo limeniuma zaidi. Alidhani chumvi ndiyo bei ya huku. Akasema mwenye kitu akirudisha chumvi na kuweka dole upya, achukue kitu chake. Ila lori la kubeba masanduku linakuja Jumatano alfajiri.

Tito alikuwapo, anajifunza kupiga taipu. Ndiyo siri yake yote. Alikuwa anaona haya kujifunza mbele yangu. Umdhaniaye ndiye, kumbe siye.

Mchana nimezunguka nyumba tano. Nilisema tu kwamba Bwana anataka chumvi yake. Kwa nini anaitaka, sikusema.  Mama Namonje akanishangaa.

"Nirudishe chumvi, Mwalimu? Kwani tumegombana?"

Kwetu anayerudisha chumvi amekata undugu, na hii waliipokea kwangu. Nikasema basi nitainunua mimi, waje na dole tu. Wakakataa pia, kwa upole. Nyumba ya Simbeye hawawezi kuifanyia hivyo. Wananiheshimu, na heshima yao inanimaliza.

Jumanne, 11 Agosti

Nyumba tisa zilizobaki, na ya kwetu ikiwa ya mwisho. Nane zimenijibu yale yale. Kwetu sikuuliza. Nilikwenda Tunduma dukani, nikanunua chumvi, nikaweka dole langu kwa niaba ya Tata. Nyundo ninayo.

Nimemwomba Bwana acheleweshe lori. Anasema meli haingoji.

Ningewaambia ukweli leo, wangekuja wote. Najua hilo hivi ninavyoandika. Mimi ni mwoga.

Jumatano, 12 Agosti

Lori limeondoka na Bwana ndani yake; mashine ya taipu amemwachia Tito. Masanduku manne.

Nimempelekea Tata nyundo. Hakunyoosha mkono. Aliuliza, "Wenzetu wamepata vyao?"

Nikamweleza yote, tangu chumvi hadi madole. Ni mtu wa kwanza kumweleza. Alikohoa muda mrefu, kisha akasema haigusi nyundo hiyo mpaka niwe nimefika kila nyumba na kulisema mwenyewe kwa kinywa changu. Yona alikuwa ameketi pale pale. Hakunitetea. Zimebaki siku mbili.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimemaliza. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mzee mmoja wa Chapwa alinipa mkeka wa kukalia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kufunga mbuzi wake, wala hakurudi.

Mama Namonje alinikaribisha uji. Aliuliza huko kwenye nyumba ya chuo chungu chake kitakuwa na nini ndani. Nikasema hakitatiwa kitu, watu watakitazama tu. Akasema, "Basi kitakauka." Nimemwandikia Bwana barua ndefu ya kudai vitu. Sina hakika kama ataijibu.

Jioni Tata amemkabidhi Yona nyundo mbele ya ndugu. Ilimwelemea, Yona akaishika kwa chini ili isianguke. Nililia, wala sikujificha.

Jumamosi, 15 Agosti

Yona ameondoka asubuhi na lori la abiria. Baridi kali. Nilimsaidia kufunga mizigo.

Juu kabisa kulikuwa na barua ya Mama Namonje kwa mwanawe aliyeko mgodini. Yeye hajui kuandika. Miaka minne anakuja kwangu, anasema, mimi naandika, halafu namsomea, naye anabandika bahasha. Safari hii hakuja. Anwani ilikuwa imepigwa taipu, na herufi mbili zimekosewa.

Niliiweka vizuri katikati ya nguo, isikunjamane. Kisha nikarudi shuleni kupanga madawati.