Mwanangu Anagoma Kupimwa, Mkwe Wangu Anabeba Mzigo Peke Yake

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, mwenzio nimebanwa katikati ya mwanangu na mkwe ninayempenda kama wa kumzaa. Mkwe anashona mapazia, mwanangu ni fundi friji, wana miaka sita kwenye ndoa bila mtoto, na hedhi ya binti wa watu huja ikitaka, ikigoma imegoma miezi, na kidevuni anaota nywele, nami nilidhani ni mkosi mpaka aliponishika mkono tukaenda kliniki, daktari akampiga picha ya tumbo akasema homoni zimevurugika, mayai yapo ila hayakomai, kuna vidonge vya kuyakomaza, lakini kwanza mume naye apimwe. Jioni yake sebuleni mwanangu akafoka, "Mimi nipimwe nini? Hamzioni ndevu hizi?" Mkwe akajishika kidevu, akajibu taratibu, "Hata mimi ninazo, mume wangu." Mshauri, nilicheka mpaka nikalia, maana mashangazi wamemwita mgumba na jike dume mbele yangu na sijamsikia akimrudishia mtu tusi, anaamka, anafanya mazoezi aliyopangiwa, anakaa kwenye cherehani, anaimba. Mwanangu hakucheka. Alibeba nguo akahamia kwangu, na sasa anataka nikamposee mwanamke mwingine. Nikikataa, nitakuwa nimeisaliti damu yangu?

Mama Mkwe Njia Panda

Mama, pole, na hongera kwa kupata mkwe wa namna hiyo. Sasa nikukaripie kidogo. Huyo fundi friji anakula kwa nani? Nguo zake anafua nani? Umempa maficho, halafu unashangaa hatoki! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa, lakini ukweli nao nani amwambie? Mwambie leo, kabla hujampakulia: mke wa pili si kipimo cha mbegu. Anaogopa, Mama, na mwanamume akiogopa hupiga kelele. Mpeleke kliniki mwenyewe, mkae wote benchi moja.

Mkweo si mgumba. Wengi wenye hali yake huzaa wakitibiwa, ingawa huchukua muda na hakuna daktari wa kuapa. Akianzishiwa vidonge asikatize, wala asinyweshwe mizizi ya majirani. Mashangazi wakianza, usinyamaze tena. Kimya chako kilimuuma kuliko maneno yao. Kuposa usiende. Kukataa si kumsaliti mwanao, ni kumwokoa.

Kisha nenda kwa huyo binti, umwambie kwa mdomo wako haya uliyoniandikia mimi. Mjukuu akija, mtampokea. Asipokuja, Mama, binti tayari unaye.