Shehena ya Dada

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Mimi mzima, ila kiuno tu. Kuwainua wazee wa watu kitandani kutwa nzima si mchezo. Hujambo? Shemeji na watoto je? Mama ameacha kukohoa?

Sasa kaa chini nikupe habari. Jirani na makao ya wazee ninapofanya kazi kuna maktaba, na juzi nimewakuta wanatupa vitabu. Wanatupa! Vimejaa pipani, vingine majalada yake ya ngozi kabisa. Nikasema hapana, mdogo wangu ni mkutubi wa chuo kikuu, na wanafunzi wake wanasoma kwa zamu. Nimewaomba, wamenipa vyote. Wenzangu kazini wamechanga, kontena tumepata. Miaka yote nimekuwa nikija nyumbani na sabuni na viatu. Safari hii naleta elimu.

Dada yako

26 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama kikohozi kimepungua, anakusalimu. Watoto wanauliza kama kwenye kontena viatu pia vimo.

Nashukuru kwa moyo wako, tena sana. Ila kuna jambo naomba ulisikie kabla hamjafunga masanduku. Mwaka jana mimi na wenzangu tulikaa na wanafunzi na walimu, tukawauliza: maktaba hii iwafanyie nini? Hawakutaka wingi wa vitabu. Walitaka majarida mapya ya mtandaoni, meza za kusomea pamoja, pa kuchaji kompyuta zao, na mtu wa kuwafundisha kutafuta habari bila kupotea. Tumeanza. Chumba kilichokuwa cha magazeti mabovu sasa kina meza, na asubuhi watu hupanga foleni nje. Ungeniona ungecheka: mtu mzima nawatoa wasomi kwa kuwabembeleza saa ya kufunga!

Kwa hiyo nipigie picha vitabu hivyo, nichague vinavyofaa. Maktaba ya huko haikuvitupa bure.

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo wote? Mimi namshukuru Mungu. Meli imeshaondoka. Picha ningepiga saa ngapi, na zamu zangu hizi? Kitabu ni kitabu. Haba na haba hujaza kibaba, na mimi nimekuletea pishi nzima!

Na si hilo tu. Makamu Mkuu wa chuo chako ameniandikia yeye mwenyewe. Kaniita "Mheshimiwa Mfadhili". Nimewasomea wenzangu wakati wa chai. Unajua ni lini mara ya mwisho mtu aliniita mheshimiwa? Huku naitwa kwa kengele.

Dada yako

2 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumai kiuno kimepata nafuu. Kontena lilifika. Makamu Mkuu, ambaye wanafunzi humwita Bwana Mkasi kwa anavyopenda kukata utepe, aliukata, gazeti likaandika, na picha yako ikatundikwa ukutani. Mama analitembeza gazeti kwa majirani.

Kisha tukafungua masanduku. Dada, nisemeje? Sheria za kodi za huko uliko. Mwongozo wa kompyuta ambazo hazitengenezwi tena. Namna ya kuendesha gari kwenye theluji. Vya uuguzi vipo vingi, lakini vinawazidi umri wanafunzi wangu. Karibu kila kimoja kina muhuri wa huko: kimeondolewa.

Ningeviweka kando nikanyamaza. Lakini Bwana Mkasi ameamuru viingie rafuni vyote, wakaguzi waje wakute rafu zimejaa. Meza za wanafunzi zimetolewa ili rafu zipate nafasi. Malipo ya majarida ya mtandaoni kayafuta. Nilipomfuata ofisini akaniambia, "Mama, umeletewa kontena zima na bado unalia? Hata dada yako mwenyewe hakutoshi?"

Mimi hanisikii. Wewe atakusikiliza. Mwandikie kwamba umeridhia tuvichambue, na kwamba meza zirudi. Mistari miwili tu, Dada yangu.

Mdogo wako

30 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea chooni kazini, maana ndipo pekee pa kulia. Unataka nimwambie mtu aliyetundika picha yangu kwamba nimemletea takataka? Nani aliacha shule ili wewe uende? Mimi nawaogesha wazee wa watu, wewe umekaa kitini unapanga vitabu, na siku moja tu jina langu limetajwa, umeshindwa kuvumilia. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Siandiki.

Dada yako

11 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo. Nilikuwa nimeapa sikusumbui tena, lakini yamenifika.

Wiki iliyopita binti anayesomea uuguzi alikuja kaunta, akaniwekea mbele kitabu kimojawapo cha shehena yako. Alikuwa wodini kwenye mtihani wa vitendo, akawafundisha akina mama wawalaze watoto wachanga kifudifudi, kama kitabu kilivyomwelekeza. Siku hizi inajulikana kwamba mtoto akilazwa hivyo anaweza kufa usingizini. Muuguzi mkuu alimkatiza mbele ya wodi nzima, akamfelisha. Bahati hakuna mtoto aliyedhurika. Binti hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama, kama hiki si cha kusoma, mbona mmekiweka?"

Nilikipokea. Nikavitoa rafuni vyote vya uuguzi, nikavifungia stoo. Kesho yake nikasimamishwa kazi: eti nimeharibu msaada wa mfadhili. Kuna kamati itakaa, nayo inataka kukusikia wewe. Waambie tu kwamba nilikuomba nivichague kabla ya meli kuondoka. Sikutumi useme uongo. Sina mwingine wa kumwomba.

Mdogo wako

3 Desemba

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mama je? Mimi kiuno kilekile.

Kamati nimewajibu. Nimesema nilitoa kwa moyo mweupe, mambo ya rafu siyajui, na sikumbuki kuombwa chochote. Ningesema nini? Wenzangu waliochanga wangenionaje? Watakuonya tu, yataisha. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

Sasa la furaha: chuo kimenialika Machi, nizindue chumba chenye jina langu! Tiketi ni juu yao. Nitafikia kwako kama kawaida. Nikuletee nini?

Dada yako

17 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Hawakunionya. Jibu lako lilisomwa kwa sauti, mimi nimekaa palepale, kisha Bwana Mkasi akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina. Sasa niko ofisi ya magari. Naandika gari gani limetoka, nani kalichukua na limerudi na mafuta kiasi gani. Dirisha langu linatazama ngazi za maktaba. Wanafunzi wanasomea pale nje, daftari magotini, kwa sababu ndani hakuna pa kukaa. Mvua ikija wanatawanyika.

Machi usifikie kwangu. Chuo kina nyumba ya wageni, na maji ya moto yapo. Mgeni hupokelewa na aliyemwalika. Mama nimemwambia kwangu kumejaa. Yeye utamkuta kwake. Mimi siku hizo niko kazini.

Umeuliza uniletee nini. Usiniletee kitu.

Mwandishi wa Magari
Chuo Kikuu